Papa Bonaventure Apandisha Bei

...na hapana, hakusema elfu ishirini, amesema elfu ishirini na tano, nimesikia vizuri, franga elfu ishirini na tano kwa jogoo, Papa Bonaventure, rafiki wa marehemu baba, amesimama kwenye benchi la pili mkono juu kama zamani, na mfukoni hana hata ya sabuni, na shemasi Albert amemshika jogoo miguu, kichwa chini, anamzungusha ili kila mtu amwone, “Sadaka ya Mungu haiuzwe bei ya soko! Nani anaongeza?” na Mama ananigonga kwa kiwiko, “Clarisse, ule iko anafanya nini? Atalipa na meno?” namwambia Mama, nyamaza, lakini kweli, atalipa na nini, sheria ya mnada wa kanisa letu hapa Baraka kila mtu anaijua, ukishinda unaweka pesa kwenye sahani palepale, mbele ya waimbaji na watoto na wote wanaokudai, na wanaomdai Papa Bona wanajaza mabenchi matatu, muuza dawa, fundi cherehani, hata kinyozi, naye ndiye anayewasalimia kwanza, kwa sauti kubwa, kama vile wao ndio wanaomkwepa... “Makumi tatu!” huyo ni Vainqueur, kijana anayenunua dhahabu Misisi, amevaa miwani ya jua ndani ya kanisa, na Papa Bona hageuki hata kumtazama, ameuweka ufunguo wa Land Cruiser juu ya Biblia ili watu wauone, gari lenyewe liliuzwa Uvira, aliyelinunua analiwasha kwa bisibisi maana muzee alikataa kutoa ufunguo, alisema ufunguo haukuwa kwenye bei... Mama husema ni dhahabu iliyommaliza, si kweli, shimo la Misisi lilimmalizia tu, ilianza simenti, mashua nzima kutoka Kigoma, ikaingia maji karibu na Swima, mifuko ikavutwa ufukweni ikagandia palepale, hadi leo ina umbo la mifuko, wanawake wa Swima wanafulia nguo juu yake, na yeye akipita husimama, “Bamama, mupige polepole, njo magazini yangu ile,” yaani ndiyo ghala lake, nao hucheka, naye hucheka zaidi yao... na Mama husema pia kwamba kwenye matanga ya baba alileta ng'ombe wawili kutoka Bibokoboko, hapana, alikuwa ng'ombe mmoja na ndama, na ndama hakuchinjwa, Papa Bona alimtazama usoni akamrudisha kwa Sebahire, mfugaji aliyemuuza, wala hakudai pesa yake, mambo lazima yasemwe yalivyokuwa, na aliyelipa mtihani wangu wa diploma ni yeye, hapo hata Mama hakosei, kwa hiyo kaa chini, Papa, tafadhali, usituaibishe... “Makumi ine!” ee Mungu, ni yeye tena, amerukia arobaini bila kupitia thelathini na tano, watu wanapiga vigelegele, “Papa Bona, usituangushe!” ndivyo alivyofanya Jumapili iliyopita kwa gunia la mihogo, akapandisha, akapandisha, akalichukua Vainqueur, na kabla yake mbuzi, Vainqueur, na kabla yake mananasi, Vainqueur... ngoja... ngoja kwanza... hajanunua kitu, miezi yote hii hajanunua hata nanasi moja, anampandisha kijana joto mpaka bei inakuwa mara mbili, halafu anakaa, anafuta jasho, anaonekana ameshindwa, na mabati haya mapya juu ya vichwa vyetu yametoka wapi kama si humo, na mimi ninayekumbuka hadi ndama, hili sikuliona, nilidhani ni kiburi, kumbe hana kingine cha kutoa, anatoa kushindwa kwake, kila Jumapili... “Aa, mi nimechoka,” anasema Vainqueur, anakaa, anakunja mikono, meno yote nje, “leo tumuachie muzee kuku yake. Patron, ukule vizuri!” na benchi la vijana linacheka, fundi cherehani amenyoosha shingo, na Albert, asiyejua kitu ila mnada, “Makumi ine, mara ya kwanza...” na mkono wa Papa Bona bado uko juu, hawezi kuushusha, hawezi kuuacha juu, jasho la leo si lile la kuigiza, anatazama sahani, anatazama mlango, “mara ya pili...” na kuna mkono mwingine juu, mwembamba, una saa yangu, ni wangu, mkono ambao haujawahi kuinuka kanisani hata kwa kutoa ushuhuda, na sauti ni yangu, “Makumi ine na tano,” na Mama, “Yesu wangu, ni unga ya juma zima ile!” na kanisa lote limenigeukia, naye amegeuka, ananitazama, ananielewa, sasa ukae, Papa, umeokoka, kaa, lakini uso wake unawaka, mabega yanapanda, “Makumi tano!” muzee huyu! hata pumzi hakuvuta, na haogopi tena hata kidogo, ananisubiri mimi tu, jogoo ananing'inia vilevile kichwa chini, Albert amefumbua mdomo, na mimi nina hamsini kamili, na Mama ana tano kwenye fundo la kitenge, najua, nilimwona akilifunga, kicheko kinanipanda hadi puani, nainamia sikio lake, “Mama, fungua.”