Nyumba ya Herufi K

Hiltrud Fehr aliingia makumbusho ya Wernstadt amevaa koti lake la kanisani, akasimama mbele ya picha yake, na damu ikamchemka papo hapo.

Picha hiyo ya Wernstadt alikuwa amewaazimisha watu wa makumbusho kwa sherehe za mji kutimiza miaka mia nane. Ilichongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa karatasini enzi za mababu wa babu yake: kanisa, ukuta, mto Main, na pembeni kushoto, ng'ambo, nyumba ya kivuko alimozaliwa. Nyumba yenyewe ilibomolewa daraja lilipojengwa, na picha za familia zikachukuliwa na mafuriko. Ilikuwa imebaki kwenye karatasi hiyo tu, ndogo kama ukucha.

Sasa haikuwemo. Karatasi ilikuwa imekatwa upana wa vidole vinne.

Mkataji alikuwa Egbert Losch, mtunza makumbusho, aliyekuwa akiwamiminia wageni divai. Wala hakuona haya. Fremu ilikuwa fupi, alisema, na alitaka kanisa likae katikati. "Isitoshe, Bi Hiltrud, nimekata ng'ambo tu. Kule si hakuna kitu?"

Ng'ambo hakuna kitu. Maneno hayo aliyasikia tangu shuleni, watoto wa mjini walipomwita mla magamba ya samaki huku wameziba pua. Na baba yake ndiye aliyewavusha watu hawa hawa miaka thelathini, harusi zao na majeneza yao, mvua na barafu. Shukrani ya punda ni mateke.

Alimshika Losch mkono, akamwonyesha orodha ya herufi chini ya picha. "Soma."

Losch akasoma: A kanisa, B jumba la mji, hadi K, nyumba ya kivuko.

"Haya, nionyeshe K."

Wageni wakasogea. Kidole cha Losch kilizunguka kwenye kioo, kikarudi, kikazunguka tena. Uso ukamwiva.

"Kipande changu kiko wapi?"

Kilikuwa nyuma ya fremu, kimekunjwa na kushindiliwa ili picha isicheze. Alimfanya Losch aifungue mbele ya watu wote. Mkunjo ulikuwa umepita katikati ya paa. Hiltrud alikinyoosha kwa kiganja, akakitia ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa alichokuwa nacho, akashika njia ya darajani, kwake ng'ambo.

Losch alimfuata mbio na picha iliyobaki, akimkumbusha kwamba hiyo nayo ni mali yake.

"Huo ni mji wenu, bwana," alisema Hiltrud. "Kwetu hakuna kitu. Hata msumari wa kuutundika."