Kuku Asiyefaa Kupewa Mgeni

Friji ya maabara ilizima siku za Pasaka, na umeme wa Bukavu uliporudi, ulirudi umechelewa. Virusi vyote ambavyo Colombe Nabintu alikuwa akivitunza tangu arudi kutoka masomoni vilikuwa vimekufa chupani. Virusi hivyo ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Ukisaga uvimbe wa kuku mgonjwa, ukauchuja hadi isibaki chembe hai hata moja, kisha maji yale ukamdunga kifaranga mzima, naye anaota uvimbe bawani. Kitu kidogo namna hiyo kinaupotoshaje mwili? Colombe alikuwa ameapa kulijua jibu, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Mkurugenzi alijaribu. Huyu ni Papa Grégoire, ingawa tangu majina ya ubatizo yapigwe marufuku ofisini aliitwa citoyen, yaani raia, Mushagalusa, na abakosti, lile koti la serikali lisilovaliwa tai, ilimbana shingo siku nzima.

"Citoyenne, achana na kuku," alimwambia. "Batu banakufa na malaria, weye uko napima mabawa! Bakubwa ba Kinshasa banafika mwisho wa kiangazi. Kama haubaonyeshe kitu, banda ya kuku inafungwa."

"Nitabaonyesha, Papa."

Kusema ni rahisi. Ili aanze upya alihitaji kuku mmoja mwenye uvimbe, aliye hai. Akaenda Katana, na baada ya misa padri akamtangazia: daktari anatafuta kuku wagonjwa. Wamama wakamletea kuku. Lo, kuku gani! Wanono, manyoya yanang'aa. Akafika hadi Bunyakiri, akarudi na mitetea wazima wa kupendeza, huku amekasirika. Mtoto wa milima hiyohiyo, na shule ilikuwa imemsahaulisha kwamba mgeni hapewi kibovu.

Uvimbe aliuona nyumbani kwa Maman Eulalie, mkulima wa karibu na Katana. Nyuma ya jiko kulikuwa na kuku akiburuta bawa lililovimba. Colombe nusura aruke.

"Maman, nipatie ile."

"Ile? Docteur, usinipatishe haya! Weye ni mugeni. Kesho batasema Eulalie alipatia docteur ugonjwa. Kamata hii jogoo."

Alimsihi, akambembeleza, wapi! Akaondoka na jogoo.

Kesho yake alirudi bila koti jeupe. Gari aliliacha barabarani, akapitia nyuma, akaketi chini jikoni na kuvuta beseni la maharagwe.

"Docteur, simama! Nguo itachafuka!"

"Mi si mugeni tena, Maman. Niko nachagula maharagi."

Maman Eulalie alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtuma maji. Akampa mihogo amenye. Moshi ulimtoa Colombe machozi, kisu kikamkata kidole, naye akakaza meno. Jua lilipoanza kuteremka, mwenyeji akaikagua ile mihogo na kufoka:

"Weye mutoto! Unamenya muhogo kama muzungu! Nani alikufundisha?"

Colombe aliinama ili asionekane akitabasamu. Mgeni hafokewi. Akala bugali uliopoa, baada ya watoto. Alipoaga, Maman Eulalie hakumtazama hata usoni.

"Ukienda, niondolee na ile kuku mubovu ya kule nyuma. Nimechoka kuiona."

Colombe alimkumbatia yule kuku njia nzima hadi Bukavu. Akasaga, akachuja, akadunga, kisha akangoja huku akipapasa mabawa kila asubuhi mpaka vifaranga wakamzoea. Kiangazi kilikuwa kinakwisha alipomwita mkurugenzi bandani na kukiweka kidole cha mzee juu ya bawa la kifaranga.

"Bonyeza, Papa. Maji ya kuchujwa tu ndo yalifanya hivi."

Papa Grégoire alibonyeza, akakiacha kidole palepale. Colombe alisubiri asifiwe, maana alistahili. Lakini uso wa mzee ulikuwa umeanguka.

"Bibi yangu Sophie, mama ya batoto bangu, iko na kitu hivi," alisema polepole. "Kwa titi. Anakatala kuenda hôpital. Unaweza kumusaidia?"

Moyo ulimuuma Colombe. Angeweza kumdanganya, na banda lingepona siku hiyohiyo.

"Bado, Papa. Hii ya kuku haitamuponyesha. Umupeleke kwa ba chirurgien, bale ba kupasua, leo leo."

Papa Grégoire akafungua kifungo cha shingoni, akavuta pumzi.

"Na weye?"

"Mi niko naendelea."

"Basi endelea," alisema. "Ba Kinshasa, nitabaongelesha miye mwenyewe." Akatoka upesi kwenda kumchukua mkewe, na Colombe akamshika kifaranga aliyefuata.