Nyumba ya Kulinda Pumzi ya Mami

Miezi mitatu niliandaa mipango ya ile nyumba ya wazazi wangu. Mimi, Ivelisse, mfamasia wa mjini Arecibo nisiyeweza hata kubadili balbu bila kupigwa shoti, nilijifunza habari za betri, paneli za sola na vidude vya kuwasha taa kwa simu. Mama yangu alikuwa anapumua kwa mashine ya umeme, na umeme wa Utuado, kule kwao milimani, hauna adabu. Unakatika mvua ikinyesha, unakatika jua likiwaka, unakatika mjusi akipanda kwenye transfoma. Mashine ikizimika, mapafu ya Mami yalikuwa na dakika kumi na tano, ishirini akibahatika. Nililala na hesabu hiyo na kuamka nayo.

Kaka yangu Norberto alitaka tumpeleke nyumba ya wazee Bayamón, kwenye jenereta kubwa na manesi. Tuligombana mpaka tukatukanana.

"Mami anataka nesi, hataki roboti," alinifokea.

"Umemuuliza? Mami anataka kitanda chake na kuku wake. Wewe unataka upate usingizi tu."

Mami mwenyewe, Doña Eduvigis, alikata kesi kwa neno moja: "Sitoki." Basi nikachora nyumba nzima nyuma ya kalenda, chumba kwa chumba. Umeme ukikatika, betri iliyofungwa gereji ingeshika kazi kabla taa haijapepesa. Nyumba yenyewe ingezima televisheni, kikausha nguo na kila mlafi mwingine, ibakize mashine ya Mami, feni moja na intaneti. Halafu ingenitumia ujumbe. Nilijiona nimemaliza, nakwambia. Nilivimba kichwa.

Nyumba ilikuwa na sauti ya kike, na Mami akaibatiza Petra. Wiki mbili tu, wakawa mashoga.

"Petra, washa feni. Petra, leo kutanyesha? Muongo wewe, jana ulisema hivyo hivyo!"

Papi, baba yangu Don Zoilo, alikuwa anapita akiguna. "Mwanamke mwingine kahamia kwangu," alisema, "hapiki, hafui, na anazima televisheni yangu bila ruhusa."

"Una wivu, mzee," Mami akamjibu, bomba la oksijeni puani, akicheka mpaka akakohoa.

Nilimfundisha Papi kama nilivyoweza. Sikio lake moja limekufa na la pili linachagua la kusikia. Alinyoosha kidole kwenye swichi zisizo na nyaya, akauliza umeme unapita wapi. Nilikuwa na haraka, zamu yangu ilikuwa inaanza. Nikamwambia, "Papi, siku hizi kila kitu kinaongea kwa hewa. Wewe usiguse, nyumba inajua." Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mimi nikashika funguo zangu nikaondoka.

Miezi sita ilipita salama. Umeme ulikatika mara ishirini na tatu, na mara zote ishirini na tatu Mami hakujua. Kumbe hata Papi hakujua. Mara nyingi alikuwa chini kwenye migomba yake, na akirudi anakuta mambo shwari. Nilimpigia Norberto kumringia. Alikata simu, nami nikanogewa na ushindi wangu.

Alhamisi moja, saa nane mchana, nikiwa dirishani nampa mteja dawa ya presha, simu ikatetemeka: *Nyumba haipatikani.* Intaneti ya kule milimani huanguka kila mvua ikipiga, na ujumbe ule nilishauona mara kumi. Nikairudisha simu mfukoni. Nikamweleza yule bibi anywe kidonge kimoja asubuhi, asichanganye na balungi. Nilimweleza kwa utulivu kabisa.

Saa kumi Papi akanipigia kwa simu ya jirani. Hakusema lolote la maana. Alikuwa anaita jina la Mami tu, kama vile mimi ndiye Mami.

Sijui niliendeshaje gari. Nilimkuta Mami kitandani, amelazwa vizuri, shuka mpaka kifuani, midomo ya buluu. Mashine kimya. Mtungi wa oksijeni ya akiba kando yake umejaa, haujaguswa. Ee Mungu wangu! Nilimshika miguu, ilikuwa ya baridi, nikaisugua kama mwendawazimu mpaka jirani, Doña Migdalia, akanitoa mle chumbani.

Nikaenda gereji kuiua ile betri. Ndivyo nilivyotaka, kuipiga nyundo. Taa yake ilikuwa ya kijani. Asilimia tisini na nane. Nzima, imejaa, haina pa kupeleka umeme. Nikageuka kwenye kisanduku cha swichi ukutani, kile ambacho umeme wote wa nyumba, wa mtaani na wa betri, hupitia. Kifuniko kilikuwa wazi. Swichi zote zilikuwa zimeshushwa, kuanzia kubwa ya juu mpaka ya mwisho chini.

Papi alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu na kofia mkononi.

"Nilizishusha mara tu Migdalia alipopiga kelele kwamba umeme umekatika," alisema. Ndivyo tufanyavyo sote huku, maana umeme wetu ukirudi hurudi kwa kishindo, na kila nyumba ina friji iliyowahi kuungua. Miaka arobaini Papi ameshusha swichi zile. "Safari hii nilikimbia, mwanangu. Nilisema ukirudi vibaya utaichoma mashine ya mama yako, na ile tutapata wapi nyingine? Betri yako si inaipelekea umeme kwa hewa? Alikuwa amesinzia. Nikamfungia mlango, jenereta ya Migdalia isimwamshe."

Nilimtazama. Mzee wa miaka themanini na moja, miguu ina tope la migomba, amekimbia.

"Nilifanya vizuri, sivyo?"

Moyo ulinipasuka pale pale, nasema kweli. Nilimchukia kwa muda wa kufumba jicho, kisha nikajichukia mimi, na chuki hiyo ya pili haijatoka mpaka leo.

"Ulifanya vizuri, Papi," nikasema. "Betri ndiyo iliyoharibika. Niliifunga vibaya."

Nikazipandisha swichi moja moja. Petra akaamka sebuleni na kutusalimu.

Siku tisa za rozari ya kumwombea Mami nyumba ilijaa watu. Siku ya tano Norberto hakuweza kujizuia. Alisimama katikati ya sebule, rozari imeviringwa ngumini, akaninyooshea kidole mbele ya shangazi zangu wote.

"Umemuua mama yetu kwa michezo yako. Sema! Sema mbele za watu!"

"Ni kweli," nikasema.

Hakuna aliyenitetea. Papi alikuwa kwenye kiti chake, na nilidhani hakusikia. Alisikia. Alininyanyulia uso uliochoka, macho mekundu.

"Nilikuachia mke wangu," alisema polepole. "Uliniambia nisiguse, nyumba inajua. Nilikuamini, Ivelisse."

"Samahani, Papi," nikasema, nikaenda jikoni kuwamiminia wageni kahawa.