Viazi vya Mama Ansuya

Chwaaa! Mafuta yalilia jikoni. Mwas, mhudumu wa hoteli moja ya Kamakis, alichungulia akamkuta bosi wake, Gathu, akikaanga viazi kwa mafuta ya mbuzi. Sahani ya kwanza ilikuwa imeshamfikia Mama Ansuya, Mhindu ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe.

“Ameagiza tena!” Gathu alicheka. “Ana raha zake. Nani ameumia?”

“Hajui anachokula.”

“Ukimwambia ndipo ataumia. Na kazi huna, kijana.”

Mwas akamtupia aproni, akaenda mezani. “Mama, hivyo viazi vimekaangwa kwa mafuta ya mbuzi.”

Mama Ansuya alitema, machozi yakamtoka. “Si ungeninyamazia tu! Vilikuwa vitamu.”

“Mdomo ni wako, mama, na wewe ndiwe wa kuamua kinachoingia. Popote nitakapokuletea sahani, nitakuambia ukweli, hata ukituuma sote wawili. Naahidi.”