Moto wa Ysenda

Mfalme wetu aliamua kuwashinda Waingereza kwa njaa, na njaa yenyewe ikaanzia kwetu. Kiangazi kile mjumbe wake alipita vijiji vya Lothian, jimbo letu la karibu na mpaka wa Waingereza, akitangaza amri: chomeni shayiri shambani, swageni ng'ombe kaskazini, zimeni moto wa kila nyumba, kisha pandeni milimani mkajifiche. Adui akija asikute hata punje, na huko mafichoni moshi usionekane.

Tukachoma. Mume wangu, Dand, aliliwasha shamba alilolilima mwenyewe, akasimama akiliangalia huku anakohoa. Mimi nililia waziwazi, maana shayiri ilikuwa imeshaanza kuiva.

Kilichotushinda ni moto wa jikoni. Kwetu hauzimwi. Usiku mwanamke anaufunika majivu huku akimtaja Bikira Maria, alfajiri anaufukua, unawaka tena. Ukizimika, watu husema ukoo nao umezimika. Huu wa mama mkwe wangu, Ysenda, ulitoka kwa bibi wa bibi yake.

"Mama, mwaga maji," Dand alimwambia.

"Mwaga wewe. Nataka niuone huo mkono."

"Ni amri ya mfalme!"

"Mfalme kazaliwa juzi tu huyo."

Dand akamwaga mwenyewe. Mvuke ukajaa nyumba nzima, na Ysenda, mama asiyekosa neno, akaanza tu kufunga mzigo wake.

Tulijificha kwenye pango dogo juu ya kijito. Tulikula unga wa shayiri uliokorogwa kwa maji baridi, na Ysenda alilala ndani kabisa, amekumbatia chungu alichokizungushia blanketi.

"Mama, mbona unakilea hicho chungu kama mjukuu?" Dand alimtania.

"Mjukuu mmeshindwa kunipa. Niacheni nilee chungu."

Tulicheka wote, ingawa mimi maneno yale yaliniuma. Dand alikuwa mwanawe wa pekee.

Asubuhi moja, baada ya mvua, mimi na Dand tuliteremka kuchota maji. Nilipoinua kichwa nikaona moshi mweupe unapanda kutoka pangoni. Hapo ndipo nilipojua chunguni mlikuwa na nini. Ysenda alikuwa ameiba makaa kabla maji hayajamwagwa, na sasa yalitaka kufa kwa unyevu, akayalisha majani mabichi.

Askari waliokuwa bondeni wakitafuta chakula waliuona pia.

"Lala chini, Mariota," Dand alininong'oneza. "Usiinuke, hata nikiita."

Akakimbia upande wa pili wa kilima akipiga kelele, ili wamfuate yeye na kuliacha pango. Walimfikia kwenye uwazi. Nilisikia wakimuuliza ng'ombe wako wapi.

"Kamuulizeni mfalme!" akajibu.

Wakamchoma mkuki. Hakuniita. Wakapekua huko huko alikoangukia, wakakosa hata jibini, na moshi ulikuwa umeshakatika, wakaenda zao wakitukana.

Ysenda alipomwona mwanawe hakupiga yowe. Alirudi pangoni, akachukua chungu, akateremka nacho kijitoni kukimwaga. Nilimkimbilia nikampokonya. Nilimchukia siku ile kuliko Mwingereza yeyote.

"Uzime sasa?" nilimwambia. "Sasa? Ulikuwa wapi jana, mama? Huu hauzimwi tena. Utaulea, na utauangalia."

"Mwanangu, nihurumie."

Sikumhurumia.

Waingereza waliondoka kwa njaa, kama alivyotaka mfalme. Mjumbe akarudi kututangazia kwamba tumeshinda bila vita, watu wakashangilia juu ya majivu ya mashamba yao. Nyumba zote jiko lilikuwa baridi. Habari ilipoenea kwamba moto wa Ysenda uko hai, wanawake wakaja na vyungu vyao kuomba makaa. Walimbusu mikono, wakamwita mwokozi wa kijiji. Yeye alikaa kwenye kigoda bila kuinua uso, na mimi ndiye niliyegawa.

Wa mwisho alikuwa Gelis, jirani yetu, aliyekuwa amejificha mbali na alikuwa ndiyo kwanza anafika, mtoto mgongoni na wengine wawili wameshika sketi yake.

"Mungu akuzidishie, mama Ysenda," alisema kwa furaha. "Na Dand yuko wapi? Mwambieni aje anisaidie kuezeka, paa langu limeungua lote."

Ysenda akainua uso, akawatazama wale watoto mmoja mmoja.

"Mpe kaa kubwa, Mariota," alisema. "Huyu ana wa kumwachia."