Kioo Juu ya Shaba

"Fumbua, Baba Rahel. Ukifumba inamwagikia shavuni."

Teodori alifumbua. Cornelia, mkewe, akaminya kitambaa, na maji ya kijani ya majani yaliyopondwa yakadondoka katika jicho la kulia, kisha la kushoto. Teodori akapiga kitanda kwa ngumi.

"Inauma kuliko jana."

"Dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi. Shangazi Marsiana kasema."

Juzi asubuhi alikuwa mzima, fundi redio wa Sumbawanga mwenye oda ya saketi za mashine za kutotolesha vifaranga. Alizoea kuchapa mistari ya shaba kwa jua: chini bodi iliyopakwa rangi inayobadilika kwa mwanga, juu yake plastiki yenye mchoro, juu ya plastiki kioo. Lakini ulikuwa msimu wa mvua. Wingu lilipita katikati ya kazi, mistari ikaungana, bodi ikawa takataka. Akaamua kujiundia taa ya mionzi ya urujuanimno. Sanduku lilikuwa droo ya kabati. Tyubu aliipata kwa Calvin, muuza chuma chakavu, aliyeing'oa kwenye mtambo wa kusafishia maji.

"Hii inaua vijidudu," Calvin alimwambia. "Wewe si kijidudu, au vipi, mshikaji?"

Walicheka wote wawili.

Tyubu ilitoa mwanga hafifu wa bluu. Kwa sababu ulikuwa hafifu, Teodori alidhani haifanyi kazi, akawa anainama kila mara kuitazama. Ilikuwa inafanya. Mionzi iliyo kali zaidi ilikuwa ile isiyoonekana. Kioo kiliizuia isifike kwenye bodi, ndiyo maana kazi ilichelewa. Mbele ya macho yake hakukuwa na kioo. Jioni, alipokwisha kuitoa bodi kwenye dawa inayokula shaba isiyotakiwa na kuilaza katika beseni la maji, alihisi kama amemwagiwa mchanga machoni. Hakuwahi kuona mistari imetokaje.

Cornelia aliendelea na majani asubuhi na jioni, bila kukosa, mpaka usaha ulipotoka. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alimwita Cornelia ukumbini, peke yake.

"Mama, ule mwanga ulimchubua tu. Angekaa gizani bila kutiwa chochote, angepona. Mlimtia nini?"

"Maji ya majani, dokta."

"Basi ni hayo." Hakupandisha sauti. "La kulia limekwisha. La kushoto litaona mwanga na kivuli. Nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia habari ya macho. Ya majani hakumwambia.

Waliporudi nyumbani, jirani yao Loth, fundi wa kuchomelea mageti, alisimama barabarani.

"Pole, fundi! Ungeniuliza ningekuazima miwani yangu. Sasa miwani ya nini tena?"

Teodori alipapasa mlango, akaketi kibarazani.

"Mama Rahel, ile bodi bado iko kwenye beseni?"

"Ipo."

"Hebu nitazamie. Kama mistari imeachana vizuri, taa ni nzima. Nitatafuta mtu mwenye macho, nitamwelekeza. Kazi haijafa."

Cornelia alileta beseni, akaitoa bodi, akaigeuza kwenye mwanga wa saa sita. Mistari ilikuwa myembamba, safi, kila mmoja peke yake hadi pembeni. Taa ilikuwa nzima. Teodori akijua hivyo, angeiwasha tena, na mtu anayejua angemwambia mwanga ule huchubua tu, haupofushi.

"Imeharibika," alisema. "Yote imeungana."

"Yote?"

"Yote, Baba Rahel. Ni taa hiyo. Ndiyo iliyokumaliza."

"Lete niitupe."

Alimpa. Teodori hakuitupa. Aliilaza pajani, akaegesha ukucha wa kidole gumba ukingoni, akauvuta polepole kuvuka bodi. Ukucha ulikwama kwenye mstari wa kwanza, ukauruka, ukashuka. Ukakwama kwenye wa pili. Cornelia alisimama na beseni mikononi, akisikiliza ule mkwaruzo mdogo, wa tatu, wa nne, na maji yakimwagikia miguuni pake.