Kobe Waliofia Kwenye Ripoti

Jumanne saa nne asubuhi, Targelia Masaquiza alifungua sanduku la kutotolea mayai katika kituo cha kobe kisiwani Isabela, akakuta yai moja limepasuka na kichwa kimeshatokeza. Alimalizia donge lake la ndizi na jibini, akanawa, akasubiri. Kobe alipotoka, mgongoni alikuwa na nambari 47 kwa rangi ya manjano, imekauka vizuri. Saba ilikuwa na mkato katikati, kama anavyoiandika Targelia.

Arobaini na saba alipotea mwaka uliotangulia pamoja na wenzake thelathini. Mkuu wa kituo, Don Eliécer, aliandika kwenye ripoti kwamba wameliwa na panya kwa kuwa Targelia hakufunga mlango. Mlango aliufunga. Hata hivyo alinyang'anywa brashi ya nambari akapewa fagio, na kila alipolishika lilimuuma upya.

Kufikia Ijumaa wale waliopotea walikuwa wameanguliwa upya wote thelathini na mmoja, kila mmoja na nambari yake.

"Naona panya wamewatapika, mama," alisema Wilmer, mkata majani.

"Basi panya wa kwetu wana adabu."

Wa mwisho alitoka amevaa soksi ya kahawia. Mtoto wa kobe hutulia ndani ya soksi, na soksi hutulia ndani ya begi la msafiri; ndivyo wezi wanavyowavusha. Soksi ya pili yake ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba ya mkuu. Targelia akampelekea ile ya kobe.

"Ahsante, nimeitafuta sana," alisema Don Eliécer.

"Na kobe?"

"Kobe gani? Hao waliliwa. Ripoti ilishafika bara."

"Kwa hiyo ni wafu."

"Ni wafu, mama. Nenda kafagie."

Wafu hawakaguliwi wala hawaibiwi. Targelia aliwaweka banda la nyuma, akawalisha miaka mitano, mpaka magamba yakashinda meno ya panya. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za Don Eliécer zilipita, akapandishwa cheo, akahamia mji mkuu na soksi zake zote mbili. Ripoti haikuguswa, na fagio halikubadilishwa.

Mwaka wa sita Targelia na Wilmer waliwapakia kwenye nyumbu, wakawapandisha mlima wa volkano hadi kwenye ukungu walikotaga mama zao. Arobaini na saba aliuma jani la kwanza bila kuuliza. Targelia alifurahi mpaka akaketi chini.

"Ipo siku panya wataila ile ripoti," alisema Wilmer.

Targelia alikuwa akiitazama saba yake ikipotea majanini, polepole.

"Waile tu," alisema. "Hawa wana miaka mia ya kungoja."